Siku Masoko Saba Yalipofungwa

Binti hakufukuzwa kazi, wala hakuhongwa na muuza sumu ya panya. Yanayosemwa vibarazani na saluni ni uzushi mtupu. Mama yake, mwalimu mstaafu aliyebaki mjane na watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwinamisha kichwa, anataka jambo hili linyooshwe mara moja tu.

Ilikuwa hivi. Halmashauri saba za miji jirani, zilizoshindwa kila moja kuendesha tovuti yake peke yake, ziliunda ushirika: mtambo mmoja, mafundi wawili, na kura moja kwa kila mwanachama, awe mkubwa au mdogo. Binti, ambaye nyumbani huitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupoi, ndiye anayepandisha matangazo kwenye tovuti zote saba. Mazoea ya pale ni kwamba kizuri kikiandikwa na mmoja hupewa wote: fomu ya leseni, ushauri wa kuchemsha maji. Kwa hiyo mkono wake ulishazoea kubonyeza kisanduku cha "wanachama wote".

Jumatatu moja halmashauri ya kwao ikaleta tangazo kwamba kesho soko litafungwa, linapulizwa dawa ya panya. Mkono ukaenda kulekule ulikozoea.

Siku ya pili masoko saba yalikuwa kimya. Maafisa afya wa miji miwili, walipoona tangazo kwenye tovuti zao wenyewe, wakadhani wakubwa wameamua bila kuwaambia, kama kawaida yao, wakabeba mabomba wakaenda kupuliza.

Jioni wifi wa mama alifika hata kabla Chiriku hajavua viatu.

"Pole, wifi. Nasikia mtoto kaharibu."

"Kakosea. Kuharibu ni kitu kingine."

"Mimi nasema wanavyosema watu."

"Hao watu hawana majina?"

Wifi akapata ghafla shughuli nyumbani kwake.

Chiriku alikaa sebuleni, viatu bado miguuni. Mji mkubwa kuliko yote ulikuwa umetishia kujitoa asipoondolewa yeye.

"Mama, mafundi wako tayari kusema mtambo ulipata hitilafu. Nikubali?"

Mama akavua miwani. "Katika nyumba hii tunakosea, mwanangu. Lakini hatusingizii mashine."

Ijumaa wanachama wakakutana. Mjumbe wa mji mkubwa, mzee wa sauti nzito, alisema hana maneno mengi: ama binti aondoke, ama wao. Chiriku akasimama.

"Ni mimi. Nilibonyeza kwa mazoea, mtambo hauna kosa. Naomba kuanzia leo tangazo lisitoke mpaka mtu wa mji husika alisome na kulikubali."

Mjumbe wa mji mdogo kuliko yote akaomba nafasi. "Sisi afisa wetu katoa panya madebe mawili. Kazi hiyo tumeipanga tangu mwaka juzi, vikao vitano. Namwomba binti atukosee na kwenye usafi wa mitaro."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee wa sauti nzito akajifanya anakohoa, lakini mabega yalimsaliti.

Kura ilipigwa kwa siri. Sita zilitaka Chiriku abaki, moja ilikataa. Mji mkubwa haukujitoa, na utaratibu wa msomaji wa pili unatumika mpaka leo. Jumamosi asubuhi aliyepiga ile kura moja alikuja mwenyewe nyumbani kumwomba binti radhi, wakazungumza, wakacheka, akaenda zake.

Wifi alimwona akitoka, ila kwa mgongo tu.

"Wifi, yule ndiye aliyekataa?"

"Ndiye."

"Nani yule?"

"Mtu aliyekuja kuomba radhi."

"Mimi si mgeni, wifi yangu. Nidokezee tu, ni wa mji upi?"

"Sikwambii," alisema mama, akafunga geti.