Mabega ya Gauni Jeupe

Juzi mpwa wangu alirudi kutoka kwenye sherehe, akaniomba taulo, akajifuta uso. Asubuhi nikalichukua bila kuangalia, nikalipeleka usoni. Lilinuka krimu iliyochacha na jasho, na katikati yake palikuwa na uso mwingine mzima: nyusi, mashavu, mdomo mwekundu. Nikalitupa sakafuni. Cheka tu, rafiki yangu, lakini mimi uchafu ule nimeufua tangu utotoni, hapa hapa Bunia, mashariki ya Kongo.

Kina mama wa kanisa letu walikuwa na gauni moja jeupe la harusi, na binti asiye na lake alivaa hilo. Nyanya yangu ndiye aliyelitunza. Jumamosi lilitoka kwetu likimetameta, Jumatatu likarudi kama dekio. Unajua tunavyosalimiana huku: kichwa kwa kichwa, kushoto, kulia, kushoto tena. Sasa wawaze mashangazi wote kwenye mstari, kila mmoja amejipaka fondeten, ile krimu ya rangi ya ngozi, usoni kama anayesiliba ukuta, na jua la saa nane limeiyeyusha. Yote iliishia mabegani mwa bibi harusi. Madoa ya kahawia, ya chungwa, na kwenye kola utando wa poda na jasho unaoteleza kama kamasi.

Nyanya hakuwa na kinyaa. Alikwangua doa kwa kijiko, akalinyunyizia unga wa muhogo unywe mafuta, kisha akapaka sabuni ya mawese na kusugua kwa vidole, polepole, kwa maji baridi. Maji ya moto aliyapiga marufuku. “Ukipika mafuta mu nguo, haitoke tena,” alisema kila Jumatatu. Yeye mwenyewe hakuwahi kujipaka kitu zaidi ya vazelini. Waliojipodoa aliwaita kuta.

Ijumaa moja alikwenda shambani, akaniachia mabega niyamalize. Kesho yake jirani yetu alikuwa anaolewa. Binti huyo alikuwa amekimbia vita Djugu pamoja na mama yake, harusi yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili, na gauni lingine hakuwa nalo. Yote hayo niliyajua. Lakini sikutaka kugusa ule ute. Nikachemsha birika, nikamwaga maji juu ya doa, nikaongeza javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, nikasugua kwa kijiti huku nimegeuza uso. Nilipotazama, bega la kushoto lilikuwa na doa la rangi ya kutu, pana kama kiganja.

Nyanya alirudi akajaribu sabuni, ndimu, jua. Wapi. Jioni bibi harusi alikuja kulijaribu, akaona bega, akaanza kulia.

“Tate,” alimwambia nyanya, kama tunavyowaita bibi zetu huku, “watu watasema nimevaa buchafu ya wengine.”

“Ni miye nilichoma,” nyanya akasema, wala hakunitazama. “Usilie. Kesho, mbele ya kutoka, ungojee miye.”

Asubuhi akaazima fondeten kwa shangazi mmoja, akajipaka yote. Ilimkaa kwenye mikunjo kama uji uliokauka. Nilichukizwa kumwona, na nilijichukia zaidi. Bibi harusi alipotoka uani, nyanya akamwendea mbele ya watu wote, akalaza shavu kwenye bega lile lenye doa, akalisugua hadi rangi ikalifunika.

“Tate amechafua bibi harusi!” wanawake wakapiga kelele, wakacheka hadi kushika mbavu. Bibi harusi naye akacheka, akaenda kanisani kichwa juu. Nyanya alichekwa siku nzima, jasho likimchora michirizi hadi shingoni.

Jumatatu hakunipiga. Aliweka beseni mbele yangu, nami nikaingiza mikono yote miwili. Rangi yake ilitoka kwa maji baridi. Doa langu lilibaki.

Kwa hiyo kila binti aliyevaa gauni lile baadaye, nyanya alijipaka tena na kwenda kumlalia bega la kushoto. Miaka na miaka. Mtaa ukaamini ni baraka, mabinti wakawa wanamngoja mlangoni.

Sasa tumemzika, na gauni lilipotea siku sisi nasi tulipokimbia vita. Mwezi uliopita mama mmoja aliyekuwa akimwoza binti yake aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama najua namna tate alivyokuwa anabariki bega. Nikamwambia sijui.