Vitanda Vyetu Vilipokwenda Shule

Harufu ya mninga unaopigwa randa hunishika miguu mpaka leo. Ninapoishi sasa kuna fundi seremala kando ya njia ya sokoni, na siku akiwa na ubao wa mninga mimi sipiti. Nasimama palepale, yale maranda mekundu yananijaa puani, harufu tamu yenye ukali kidogo kwa mbali, mpaka kijana wa watu ananiuliza, "Mama, tukusaidie?" Namwambia naangalia tu. Sasa nimwambie nini? Kwamba amenirudisha kwetu, nje kidogo ya Mpanda, miaka ya tisini, enzi zile tukiwa bado mkoa wa Rukwa, na mimi nina miaka tisa, na kitanda cha baba na mama kinatolewa mlangoni kwenda shule?

Ndiyo, kitanda. Msinicheke kwanza, nisikilizeni.

Baba yangu alikuwa fundi seremala, na vitanda vingi vya kijijini kwetu vilitoka mikononi mwake. Cha kwake mwenyewe alikitengeneza kabla hajaoa: futi tano kwa sita, mninga mtupu, na ubao mpana wa kichwani aliousugua kwa msasa mpaka ukawa unateleza. Kwenye ubao huo, nikiwa na miaka sita hivi, nilichora kuku kwa msumari. Kuku wangu alikuwa na miguu mitatu, kwa sababu mguu wa kwanza nilikosea nikaongeza mwingine. Nilichapwa siku hiyo, nyie! Mama alitaka mchoro ule upigwe randa utoke, na baba kila akikumbushwa alisema kesho. Kesho yenyewe haikufika.

Shule yetu ya sekondari ilikuwa hapohapo kijijini, ukivuka shamba la mihogo umefika, lakini iliishia kidato cha nne. Aliyefaulu kuendelea alipanda treni pale Mpanda, akapotelea upande wa Tabora na kwingine ambako sisi tulikujua kwa majina tu. Dada yangu Tekla alikuwa kidato cha nne mwaka ule, na alikuwa na kichwa, jamani. Alikuwa anasonga ugali huku kitabu kimeegemezwa kwenye mtungi. Tatizo ni kwamba baba alikuwa ameshatamka, tena mbele ya bibi, "Mtoto wangu mimi hapandi ile treni."

Alikuwa na sababu. Mdogo wake, shangazi Felista, aliipanda kwenda kusoma, na baba mwenyewe ndiye aliyembebea kikapu mpaka stesheni. Akashikwa na homa hukohuko, na barua ya kusema anaumwa ilifika nyumbani akiwa ameshazikwa. Tangu hapo honi ya treni ikisikika kwa mbali, baba aliacha randa, akatulia mpaka imalize, ndipo akaendelea na kazi. Mimi nilidhani ni adabu, kama vile watu wanavyosimama bendera ikipandishwa, na nikawa na mimi nasimama.

Kwa hiyo zilipokuja habari kwamba halmashauri itachagua shule moja ya kuombewa kidato cha tano na cha sita, kwetu hizo hazikuwa habari za shule. Zilikuwa habari za Tekla. Kidato cha tano kikija hapa, anasoma. Kikienda kwingine, anakaa nyumbani kungojea mchumba, na mchumba mwenyewe, mwanaume mmoja mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alikuwa ameshaanza kutuma salamu. Tekla akizisikia hizo salamu anatoka nje kwenda kuchota maji, hata kama mitungi imejaa.

Hedimasta akaita wazazi. Akasema kamati ya elimu ya madiwani inakuja Alhamisi kukagua, na inataka kuona bweni la wasichana lenye vitanda thelathini. Bweni lipo, limeezekwa, lina hata rangi. Vitanda ni kumi na viwili. Macho yote yakamgeukia baba. Baba akasema vitanda kumi na vinane kwa siku tatu hawezi hata wakimwazima mikono. Ndipo bibi yangu, mama yake baba, akauliza kutoka nyuma kabisa, "Kwani vitanda hakuna? Si vimejaa majumbani?"

Nawaambia, hakuna aliyesema kwamba huo ni uongo. Watu waliona kama mtu anavyoazima viti vya harusi. Jumatatu asubuhi, umande haujakauka, vitanda vikaanza kutoka. Vingine vichwani, vingine juu ya baiskeli, vimefungwa kwa mipira ya tairi na mzee mmoja aliyekuwa akituletea maharage kutoka Mishamo, ambaye hakuna mzigo uliowahi kumshinda. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mihogo, na kwa mbali huwaoni watu, unaona miguu ya vitanda tu inaelea kuelekea shuleni. Cha kwanza kabisa kutoka kilikuwa cha baba. Mama alisimama mlangoni amekunja mikono, akasema, "Na sisi?" Baba akamjibu, "Mkeka upo."

Bibi alikubali kutoa chake kwa sharti. Uvunguni kulikuwa na kuku wake mwekundu anaatamia, ana siku kumi juu ya mayai. Kuku yule alizoea giza la kitanda kile, na ukimwondolea, alisema bibi, atasusa mayai yote. Kitanda kikienda na kuku aende. Walibishana naye, wakachoka, kuku akabebwa pamoja na kikapu chake. Bibi alikuwa amepiga hesabu zake: mayai bado siku kumi na moja, wakubwa watakuja Alhamisi, watakagua, wataondoka, na kuku atarudi kutotolea nyumbani.

Jumatano mvua ikamwagika. Barabara ikakatika, Land Rover ya halmashauri haikuonekana Alhamisi wala Ijumaa. Tukaambiwa subirini, wanakuja. Tukasubiri, kijiji kizima kikilala chini.

Siku zile ndizo ninazoziota mpaka leo. Kila mchana nilipeleka punje za mahindi kwa kuku wa bibi. Wanafunzi wako darasani, bweni limetulia, mvua inanong'ona juu ya bati. Nilipita katikati ya vile vitanda nikiwa nimefumba macho, na nilijua kila kimoja ni cha nani. Cha mkulima wa tumbaku kilinuka tumbaku. Cha mrina asali kilinuka moshi na nta. Cha mama mwenye kichanga kilikuwa na ile harufu ya maziwa yaliyochacha. Nikifika kwenye chetu najilaza, naupapasa mchoro wangu kwa kidole, na inakuwa kama majirani wote wamelala pale kunizunguka, wazee na watoto, wanapumua polepole. Kuku anakwaruza majani kikapuni. Halafu honi ya treni inalia mbali kabisa, na mimi hata sijui kama niko macho. Nilitamani wakubwa wasije kabisa.

Wakaja Ijumaa ya wiki ya pili. Hesabuni wenyewe, ilikuwa siku ya kumi na moja.

Walikuwa madiwani watatu, wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani na sauti nzito. Wazazi na sisi watoto tulijazana madirishani. Kila mwanafunzi alisimama kando ya kitanda, na Tekla, kwa kuwa alijua kusema, aliwekwa kwenye cha baba. Hedimasta anatembea mbele, jasho linamtoka. Mheshimiwa mmoja akasimama mbele ya futi tano kwa sita, akauliza hiki nacho analala nani. "Kiranja, mheshimiwa," hedimasta akajibu, na nje kuna mtu akakohoa kicheko.

Ndipo ikasikika sauti uvunguni mwa kitanda cha bibi: pyii. Pyii, pyii. Wasichana wote wakaanza kukohoa kwa pamoja, bweni zima likawa na kifua. Haikusaidia. Kuku mwekundu akatoka na wanawe, akapita katikati ya bweni kwa maringo, akafika kwenye viatu vya mheshimiwa, akaanza kuparua. Na bibi yangu, Yesu na Maria, alishindwa kujizuia. Akaingiza kichwa dirishani akauliza kwa sauti, "Wametoka wangapi?"

Watu walicheka, hata wale wanaume wawili walicheka. Mama diwani hakucheka. Alimgeukia Tekla akamuuliza taratibu, "Binti, niambie wewe. Hiki kitanda ni cha nani?"

Dada yangu akajibu, "Ni cha baba yangu, mama. Amelala chini siku kumi na moja ili nisome hapa. Kwingine hataki niende."

Mama diwani akakaa juu ya kitanda. Akapitisha mkono kwenye mbao kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto. Akauliza baba mwenyewe yupo. Baba akainua mkono pale dirishani, kofia ameivua.

"Kitanda kizuri, fundi," akasema. "Lakini mimi siwezi kwenda kuwadanganya wenzangu barazani. Sasa nikuulize. Huyu mtoto asipopata hapa, utamfanya nini?"

Baba akaizungusha kofia mikononi, akairudisha kichwani.

Baraza lilikaa mjini baada ya wiki chache. Diwani wetu ndiye aliyeleta majibu, Jumapili, watu wakitoka kanisani: imechaguliwa shule nyingine, yenye vitanda vyake. Tekla alishukuru vizuri, akarudi nyumbani, akajifungia chumbani na kulia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikaa nje ya mlango wake na kifaranga mkononi, nikamchukia yule kuku kwa moyo wangu wote.

Vitanda vya watu vilikuwa vimesharudi majumbani. Cha kwetu kilirudi vipandevipande, na baba hakukiunga. Alikiegemeza ukutani kwenye karakana, na kila mama alipouliza aliambiwa miguu imelegea. Miezi ikapita. Fundi wa vitanda analala kwenye mkeka! Majirani walitania, mama akanuna, na mimi niliwaeleza wenzangu kwa fahari kwamba baba yangu amewakasirikia madiwani na amesusa kitanda. Kuna siku nilimkuta amekaa mbele ya zile mbao, hana randa wala msumeno mkononi, amekaa tu.

Kiangazi, majibu ya mtihani yakiwa yameshatoka, barua ikafika. Tekla amechaguliwa shule ya wasichana, mbali, treni na basi. Mama aliisoma, akaikunja, akaiweka mezani mbele ya baba, akaenda jikoni. Baba alinyanyuka akaingia karakana, na baada ya muda nikasikia msumeno.

Siku tatu alikuwa anatengeneza sanduku, na mlango aliufunga. Harufu ya mninga ilipenya mpaka kwenye uji. Mama alipochungulia na kuona ni mbao za kitanda, akashika kiuno: "Baba Tekla, mbao zote hizi ulizonazo, ukaona ukate kitanda?" Baba akamjibu bila kuinua macho, "Mbao mbichi itampindia njiani. Hii imeshakauka." Mimi niliona ni jibu la ufundi, nikalikubali.

Alilibeba sanduku begani mwenyewe mpaka stesheni. Jua la mchana lilikuwa kali, na honi ilipolia, safari hii hakutulia. Alikuwa ameng'ang'ania dirisha la behewa, anamwambia Tekla asinywe maji yasiyochemshwa, alale ndani ya chandarua, aandike. "Andika ukifika. Andika hata kama huna la kuandika." Treni ikaanza kutembea na yeye anatembea nayo, bado anasema.

Kidato cha tano kilikuja kwetu baadaye, wakati wangu mimi. Vitanda thelathini alivitengeneza baba na vijana wake wawili, safari hii vya kweli. Tekla alinipa sanduku lake, nikalibeba kichwani kuvuka mihogo, safari fupi kuliko zote lilizowahi kusafiri. Bwenini nikafungua kifuniko. Kwa ndani alikuwepo kuku wangu wa miguu mitatu. Ubao wote kumzunguka ulikuwa umepigwa randa upya, laini kabisa, na pale alipo kuku randa haikugusa.

Nilimuuliza Tekla kama aliwahi kumwona. "Kila asubuhi," akasema. "Wenzangu walidhani napenda sana kutafuta sabuni."

Leo na mimi nina binti anayejaza fomu za shule za mbali, na usingizi unanipita. Sasa ndipo najua kwamba baba hakuwa amemkasirikia mtu yeyote miezi ile. Alikuwa anaogopa, baba yangu, na alikuwa bado anatafuta jibu la kumpa yule mama diwani. Na mama, mtu wa kununa, baada ya kuziona zile mbao hakuulizia tena kitanda.

Barua ya kwanza ya Tekla, mwaka ule alipoondoka, ilichukua wiki tatu kufika. Alisema amefika, mzima, chakula kibaya. Baba akaomba nimsomee mara mbili, kisha akaenda karakana, akachagua mbao, akaanza kupima kitanda kipya.