Nilivyopimwa tabia Moshi enzi za Mwingereza, na kaka yangu akaulizwa mimi ni mtu wa namna gani

Wakuu, nawasalimu kutoka Kilema. Ukungu leo umeshuka mpaka mlango wa jiko.

Nimevuka themanini na tano, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo msinikimbize. Uongo sina, umri huu uongo unachosha.

Jana mjukuu wangu kanifanyisha personality test kwenye simu. Ikasema mimi ni introvert, eti mtu wa kujitenga. Nikacheka mpaka meno ya bandia yakalegea. Jamani, mimi nilishapimwa tangu miaka ya hamsini!

Iko hivi.

Mimi ni mtoto wa katikati. Kwetu wakati ule kifungua mimba anapewa kihamba, yaani shamba la ukoo, na kitinda mimba anabaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati anapewa baraka tu. Baba alishafariki, kahawa na migomba iko kwa kaka Aloisi, mimi namlimia tu.

Ndipo ikatangazwa nafasi ya kusomea ualimu, na waombaji wakapimwe tabia kwanza Moshi mjini. Moja tu, wakuu. Nikiikosa, napalilia kahawa ya mwenzangu mpaka nazeeka.

Nikashuka Moshi kwa miguu alfajiri. Sijui niwaeleze vipi asubuhi ile. Kahawa ilikuwa imechanua, kilima kizima kinanukia, maji ya mfereji yanaongea kwenye migomba. Mlima ukatoka mawinguni kidogo, ukarudi. Hadi leo nikifumba macho sina hakika kama nilikuwa natembea au naota.

Tulipimwa kwenye chumba cha nyuma ya duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa. Mpimaji alikuwa Mwingereza, mtaalamu wa saikolojia, mpole, miwani inamteleza puani. Mkalimani ni Bwana Athumani, mwenyeji wa pale mjini, kanzu nyeupe pe.

Yule Mwingereza akatueleza. Sifa ya mtu, alisema, ni ile anayokwenda nayo kila mahali, nyumbani na sokoni, leo na mwakani. Haionekani kwa macho, kwa hiyo unaulizwa jambo lilelile kwa sura tofauti, kisha alama zinajumlishwa. Majibu yakielewana, kipimo kimeshika.

Nikaona mbona rahisi.

Swali: mtu akikukosea, unamsamehe haraka? Kichwani nikamwona mtu kashika sale. Kwa wasiojua, ni jani la ule mmea tunaopanda mipakani. Ukiombwa radhi kwa jani hilo, kukataa huwezi. Nikajibu ndiyo.

Mbele kidogo: huwa unakaa na kinyongo? Nikamwona kaka Aloisi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuniletea sale. Ndiyo!

Unapenda kuongea mbele za watu? Sasa watu gani, wazee au wenzangu? Nikaweka alama ndiyo, nikaweka na hapana.

Mwingereza akapitia karatasi, akatikisa kichwa. Bwana Athumani akanitafsiria: "Anasema ama umedanganya, ama hujijui. Kesho kutwa lete mtu anayekujua, aulizwe yeye. Ndiyo nafasi yako ya mwisho, kijana."

Mkubwa wa nyumba ni kaka Aloisi, na tulikuwa hatusemeshani wiki ile. Akiniponda tu, anabaki na mpaliliaji wa bure.

Nikamtumia ujumbe kwa jirani, na alikuja. Nikakaa pembeni yake kwenye benchi.

"Mdogo wako husamehe haraka?" akauliza Bwana Athumani.

"Ameletewa sale, au hajaletewa?"

Bwana Athumani akashindwa kujizuia, akacheka.

"Ana kinyongo?"

"Kwangu anacho. Akininunia ni siku tatu, hata salamu hakuna."

Hapo nikajua habari yangu imekwisha.

Kaka akaendelea bila kuulizwa, macho chini. "Siku ya nne naamka nakuta kahawa yangu imepaliliwa, mistari mizima, na umande bado haujakauka. Hasemi kitu. Anadhani sijui ni nani."

Wakuu, kweli nilidhani hajui. Miaka yote ile! Niliona aibu, nikaona na raha, sikujua niangalie wapi.

Mwingereza akaweka karatasi mbili pamoja, yangu na ile aliyoandikia majibu ya kaka. Zililingana mpaka pale nilipojipinga mwenyewe. Akaandika muda mrefu, kisha Bwana Athumani akasema, "Anasema hukudanganya. Maswali yake ndiyo yalisahau kuuliza uko mbele ya nani. Nafasi ni yako."

Tulipanda Kilema, ukungu unatupita usoni. Karibu na nyumbani kaka akasimama, kanipa mgongo.

"Sasa nani atanipalilia?"

Nikacheka, nikajua ananitania. Nikazunguka mbele yake. Alikuwa analia, na hapo nikaelewa kuwa alijua tangu asubuhi kwamba akisema kweli nitaondoka.

Fundisho langu ni hili: vipimo sivibezi, nimefundisha watoto miaka mingi na vinasaidia. Ila ukitaka kujijua, kamuulize na yule unayemnunia. Usipeleke wanaokusifu tu.

Nyie wenzangu, mkiambiwa mlete mtu mmoja wa kuwajibia, mtamleta nani? Andikeni, nitasoma polepole na miwani yangu.