Iko Mzima

Kaka yangu alipotea pamoja na ngoma ya kanisa letu la Mvara, karibu na mpaka wa Kongo. Vita vilipokuja, kila mtu alikimbia na alichoweza kubeba. Yeye ndiye aliyekuwa mpigaji, akajitwika ngoma. Sisi wengine tulirudi. Tangu hapo kanisa likaita watu kwa kugonga rimu ya gari.

Mwaka huu waumini waliamua kuitafuta ngoma yao. Wafanyabiashara wanaovuka kwenda Kongo walielezwa ilivyo, wakapewa namba yangu ya simu, maana wa familia ya mpigaji nimebaki mimi. Waumini wengine walitoa ng'ombe kwa ajili ya ngozi mpya ya ngoma.

Asubuhi moja mwanamke mfanyabiashara alinipigia kutoka Koboko. Yeye Mkakwa, mimi Mlugbara, basi tukasema Kiswahili chetu cha sokoni, ambamo mtu ni "iko" na kitu ni "iko".

"Mama, ile yenu tumepata! Ilikuwa Kongo kwa mzee moja."

"Iko mzima?" Niliuliza habari ya kaka.

"Mzima kabisa! Ngozi tu imezeeka. Lakini sauti iko ile ile."

Sikuuliza zaidi. Nilinunua shati la mwanamume, nikapanda gari la Koboko.

Kibandani kwake ngoma ilikuwa juu ya gunia, ngozi imekunjamana. Mzee wa Kikongo alikaa kando yake.

"Iko wapi?" niliuliza.

"Si hii, mama? Mbona unaangalia mlango?"

Mzee akaliona shati. "Jameni, mama ameletea ngoma shati!" Kibanda kizima kikacheka.

Mwanamke ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Aliyeibeba?" nilisema.

Mzee akavua kofia. "Ule mutu alifika na homa. Tulimuzika kwetu, mwaka ule ule. Alisema tusiuzishe ngoma, wenyewe watakuja."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwomba Mungu amrudishe, na alikuwa ndani ya udongo tangu mwanzo.

Pikapu ya kanisa ilifika kuichukua ngoma, waumini wakipiga vigelegele. Walitaka nikae mbele, niishike ngoma mpaka Mvara. Nilikataa. Nilimwuliza mzee kama kaburi liko mbali.

"Ni kuvuka tu, mama."

Ngoma ikaenda nyumbani bila mimi. Mzee aliita pikipiki ya boda, tukapanda wote wawili, tukaelekea mpakani.