Mzee Hamisi aliponijia nimpigie taipu barua ya kuizuia taipureta yangu (Majengo, Meru, wakati wa Emergency)

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimesoma ule uzi wa juzi ambapo vijana mlikuwa mnabishana kama serikali iweke mipaka kwa mashine zinazochukua kazi za watu. Mmoja kasema mashine za kuchuma majani chai zipigwe marufuku. Mwingine kamjibu aanze kwa kuitupa simu yake. Nikacheka peke yangu mpaka binti yangu akaja kuangalia kama niko sawa.

Nitakayoandika niliyaona kwa macho haya haya, ambayo sasa yanavaa miwani. Nisipokumbuka kitu nitasema sikumbuki.

Mimi ni mtu wa Meru, nimepita themanini kitambo, na siku hizi naishi mtaa wa Dallas hapa Embu kwa huyo binti. Na kabla hamjaniweka upande wa wanyonge, niwaambie mapema: kwenye kisa hiki mwenye mashine nilikuwa mimi.

Twende polepole, natumia vidole viwili.

Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni miaka ya Mau Mau, kila kitu kilitaka karatasi. Ukitaka kwenda soko la mbali, karatasi. Ukitaka kumtembelea shangazi, karatasi. Na ukitaka kukaa Majengo, pale mjini Meru, ulihitaji kibali kinachosema una kazi gani. Usipokuwa na kazi, lori lilikurudisha kwenu.

Kwa hiyo mtu aliyejua kuandika hakulala njaa.

Kwenye veranda ya duka moja karibu na msikiti alikaa Mzee Hamisi, mwandishi wa barua. Baba yake alikuja Meru na misafara ya zamani, mama yake alikuwa Mmeru, na yeye alizaliwa pale pale Majengo. Alikuwa na meza fupi, kalamu ya kuchovya wino, na mwandiko ambao mtu asiyejua kusoma alisimama kuutazama tu.

Alikuwa na utaratibu wake. Hakugusa kalamu kabla hajakuuliza nani kazaliwa, nani kafa, mvua ikoje, na mifugo inaendeleaje. Majibu yote hayo aliyaweka mwanzo wa barua. Shida yenyewe iliyokuleta ilikuja mwishoni, kama mkia.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka shule ya misheni na kiburi cha shule ya misheni. Mwenye duka mmoja aliyekuwa anahama aliniuzia taipureta yake kuukuu. Nikaiandikisha bomani, maana nyakati zile hata taipureta ilishukiwa, na askari wakachukua karatasi ya mfano wa herufi zake. Herufi "e" ilikuwa inapanda juu kidogo, kama mtu anayechungulia dirishani.

Nikakodi upande wa pili wa veranda ile ile.

Wakuu, sikupigana na Mzee Hamisi. Nilikaa tu nikapiga taipu, na foleni ikahama yenyewe. Karani wa bomani alipenda barua zangu kwa sababu zilikuwa mistari minne na hazikutaja mbuzi. Watu wakajua kwamba barua ya taipu inajibiwa na ya mkono inalala. Baada ya muda Mzee akawa anakaa na kalamu yake mchana kutwa, akifukuza nzi.

Kisha karani wa bomani akaja kukagua vibali. Akatazama meza ya Mzee, hakuna mtu. Akatazama yangu, watu wamejaa. Akamwambia kibali chake hakitaongezwa. Mtu asiye na kazi arudi kwao.

"Kwetu ndiyo hapa," Mzee Hamisi akasema.

"Hapa ni mjini. Nimesema kwenu."

Mzee akaonyesha kwa kalamu nyumba ya tatu kutoka msikitini, alikozaliwa. Karani akaandika kitu kwenye daftari lake akaondoka.

Kesho yake asubuhi Mzee Hamisi akasimama kwenye foleni yangu. Nyuma ya watu sita! Nikamwita apite mbele, akakataa. Zamu yake ilipofika akaketi akavua kofia.

"Nipigie barua, bwana mashine."

"Wewe, Mzee? Kwa nani?"

"Kwa DO, Mzungu mkubwa wa bomani. Ya mkono karani wake anaiwekea kikombe cha chai juu."

"Inahusu nini?"

"Inakuhusu wewe. Namwomba aizuie hii mashine yako."

Foleni nzima ikacheka. Mimi nikatafuta namna ya kukataa, sikuipata. Alikuwa mteja, na alikuwa amepanga foleni.

Basi akaanza kunitamkia barua, na salamu zake zote. Akamwuliza DO habari za nyumbani kwake Ulaya. Akamweleza kuhusu mvua. Alipofika kwenye maumivu ya goti lake nikasimamisha vidole.

"Mzee, DO hana haja na goti lako."

"Ndilo litakalotembea kwenda kwake. Liandike."

Nikaliandika. Nikaandika pia, kwa vidole vyangu mwenyewe, kwamba mashine hii imeleta uvivu Majengo na kwamba mwenye nayo ni kijana mwenye kiburi. Nilijaribu kuweka "kijana mchangamfu". Akainama akajisomea nilichoandika, nikarudia ukurasa.

DO alituita wote wawili. Alikuwa Mzungu mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuita wapishi. Akaishika barua akaitazama kwa muda.

"Hii 'e' mimi najua," akasema. "Wewe nataka mimi funga mashine, na mashine ndiyo naandika barua?"

"Ndiyo, bwana," Mzee akajibu bila haya. "Ningeandika kwa mkono usingeisoma. Huo ndio ushahidi wangu."

DO akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakata shauri: barua za serikali zipigwe na mashine, barua za nyumbani ziandikwe kwa mkono. Miezi mitatu. Baada ya hapo angeangalia kama Majengo bado inamhitaji Mzee Hamisi. Kama haimhitaji, lori.

Sasa hapa nikiri dhambi yangu, maana niliahidi ukweli.

Sikuifuata ile amri.

Wakati ule wanaume wengi walikuwa kizuizini, kwenye kambi za mbali. Wake zao walikuja kuandikiwa barua. Zile ni barua za nyumbani, hata mtoto anajua. Lakini mimi nilikuwa na hoja: mume akiwa mikononi mwa serikali, basi barua yake ni ya serikali. Niliiona hoja nzuri sana. Wanawake nao waliamini taipu inafika upesi zaidi. Na Mzee Hamisi alikuwa anaona yote kutoka upande wake wa veranda, wala hakwenda kunishtaki.

Mteja wangu wa kwanza wa aina hiyo alikuwa Mama Kanana, aliyepanda kwa miguu kutoka upande wa Mitunguu na ndizi kichwani. Alinieleza mambo mengi. Mimi nikayapunguza: "Mume wangu, mimi ni mzima. Watoto ni wazima. Tumehamishiwa kijiji kipya. Tafadhali jibu." Nikajisifu kwa usafi wa karatasi.

Hata kaka yangu mkubwa, Mwiti, ambaye naye alikuwa kizuizini, nilimwandikia hivyo hivyo. Barua tatu za taipu. Hakujibu hata moja. Nyumbani mama akawa haulizi tena, na mama asiyeuliza ni mbaya kuliko anayelia.

Miezi miwili ikapita. Siku moja Mama Kanana akarudi, ndizi hakuna, ana barua mkononi. Haikuandikwa kwake. Mumewe alikuwa amemwandikia kaka yake, na shemeji huyo akamsomea Mama Kanana. Sasa alitaka isomwe mbele yangu. Akampa Mzee Hamisi.

Mzee akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayekula asali. Mume alisema serikali inamtumia barua za uongo kwa jina la mke wake ili akiri kuwa ni Mau Mau. Hawezi kudanganywa. Karatasi yenyewe ni ya taipu, kama samansi ya korti. Na tangu amwoe, mke wake hajawahi kumaliza maneno mawili bila kumtaja yule mbuzi mweupe.

"Karani," Mama Kanana akaniambia, "nilikutajia mbuzi au sikukutajia?"

"Ulinitajia, mama."

"Yuko wapi?"

Mbuzi hakuwepo. Veranda nzima ilikuwa imeshika mbavu. Hata mwenye duka alitoka nje kuniangalia.

Mimi nilicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. Nilikuwa nimemkumbuka Mwiti. Barua tatu, zote kama samansi, zote na ile "e" inayochungulia.

Sikungoja kesho. Nikaifunika mashine kwa gunia nikaenda upande wa pili wa veranda nikasimama nyuma ya Mama Kanana. Mzee Hamisi alimwandikia kwanza yeye, na mbuzi mweupe akapata mstari mzima. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Karibu, bwana mashine. Vidole vimechoka?"

"Nataka kumwandikia kaka yangu."

"Si yuko mikononi mwa serikali? Hiyo si barua ya serikali?"

Kwa hiyo aliisikia hoja yangu muda wote huo.

Akachovya kalamu. "Nani kazaliwa?"

Sikujua.

"Mvua ikoje kwenu?"

Nilikuwa mjini, sikujua.

"Ng'ombe wa mama yako alikuwa na mimba. Kazaa?"

Alijua habari za ng'ombe wetu, mimi mwenye ng'ombe sijui. Akaiweka kalamu chini. "Nenda nyumbani kaulize, kisha uje. Siandiki barua tupu."

Nikaomba pasi ya kusafiri nikapanda nyumbani. Ng'ombe alikuwa amezaa, ndama jike. Mama alinipa salamu ndefu kuliko njia niliyokuja nayo. Mzee Hamisi akaziandika zote, kurasa mbili.

Jibu la Mwiti lilifika kabla miezi mitatu haijaisha. Mstari wake wa kwanza uliuliza yule ndama amepewa jina gani.

Siku ya hukumu DO akatuita tena, karani wake amesimama pembeni na daftari. DO akaniuliza mimi, si Mzee: "Wewe na mashine. Sema kweli. Majengo nataka huyu mzee?"

Wakuu, ningeweza kusema hapana. Veranda yote ingekuwa yangu.

Nikasema, "Bwana, hata mimi napanga foleni kwake."

Kibali kikapigwa muhuri. Tukiwa njiani kurudi Mzee hakunishukuru. Aliniambia tu kwamba siku nyingine nikisimama mbele ya mkubwa nianze kwa salamu.

Sasa, mafunzo yangu, mchukue au mwache.

Simsifu yule DO. Serikali yake ndiyo iliyomfunga kaka yangu, na amri yenyewe ilitoka kwenye kicheko. Wala amri haikumrudishia Mzee Hamisi kila kitu: barua za bomani hakuzipata tena mpaka alipofariki, miaka mingi baada ya Uhuru.

Lakini ilimpa muda. Bila ile miezi mitatu angepakiwa kwenye lori kabla Mama Kanana hajapata jibu, na sisi tungegundua tulichopoteza wakati mwenyewe ameshaondoka. Kwa hiyo mkiniuliza mimi, serikali iweke mipaka, ndiyo. Mashine isiuawe, ila mtu asifukuzwe kabla hatujajua mkono wake ulikuwa unafanya nini hasa. Na isimwulize mwenye mashine peke yake. Mimi nilijibu vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshaaibika. Mngeniuliza mwezi wa kwanza, ningewadanganya.

Kuna mjukuu ameniambia siku hizi AI inaweza kuniandikia uzi huu kwa dakika moja. Basi kwa mtakaoshuku: mvua hapa Dallas imechelewa, jirani kapata mapacha, na goti langu la kushoto linasumbua tangu Jumapili.

Mje na maoni yenu, na matusi pia mkitaka. Lakini anayekuja aanze kwa kuniambia mvua ikoje kwao.