Mitaa Aliyoweza Kupita Mama Given

Elinipendo, ambaye Njoro nzima inamjua kwa jina la Mama Given, ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka arobaini na sita. Mwezi wa pili mwaka huu daktari alimwambia kuwa sukari yake imefika saba nukta nne. Alimpa miezi mitatu ya kuishusha kwa kutembea kila asubuhi. Ikikataa, ataanza vidonge, na huenda akavinywa maisha yake yote. Mama Given aliviogopa. Dada yake mkubwa, kule Marangu, alianza hivyo hivyo, na sasa anatembelea gongo.

Mwanzoni aliufanyia mwili wake kama anavyovifanyia vitambaa vya watu, yaani kuahidi na kuahirisha. Alinunua raba, akaziweka juu ya kabati, akasema ataanza Jumatatu. Jumatatu mvua ikanyesha. Jumatatu ya pili kukawa na msiba Marangu. Ya tatu hakuwa na sababu yoyote, na hapo ndipo alipochanganyikiwa. Alikaa kitandani akizitazama raba, akitaka kabisa kutembea, na hakuinuka.

Wapo watakaouita uvivu. Mimi sidhani. Mtu anayekanyaga cherehani tangu asubuhi hadi jioni si mvivu.

Wiki ya nne alitoka, saa kumi na mbili asubuhi. Hakufika mbali. Kwenye kona ya pili alimkuta Dafroza, mteja wake, akifagia mbele ya nyumba.

"Fundi! Si jana uliniambia mgongo umekukamata?"

"Umenikamata kweli. Ndiyo maana naunyoosha."

"Basi unyooshe na gauni langu! Kipaimara cha mtoto kimepita, au unataka nilivae kwenye harusi yake?"

Kesho yake alishika njia nyingine. Huko alikaa Mzee Yoramu, ambaye suruali yake ilikuwa kwa fundi tangu Krismasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe miguu unayo! Nilidhani huna, ndiyo maana suruali haifiki."

Mama Given alirudi nyumbani, na wiki nzima raba hazikugusa ardhi. Mume wake, Aminieli, alimtania wakila mtori wa ndizi. "Mama Given, chora ramani. Ukiona mtaa ambao hujachukua kitambaa cha mtu, tembea huko."

Aliyasema kwa kucheka, lakini mkewe aliyachukua kama yalivyo. Alichukua chaki ya kukatia nguo, akachora mitaa yote kwenye karatasi ya mifuko ya saruji, ile anayotumia kupimia. Kila nyumba yenye nguo iliyochelewa aliitia alama ya msalaba. Alipomaliza, njia pekee iliyobaki ilikuwa kutoka mlangoni kwake hadi mwisho wa ukuta wa jirani. Aliihesabu: hatua thelathini na moja.

Tarehe ya kliniki ilikuwa inakaribia, na njia ya kwenda kwenye afya ilikuwa imezibwa na magauni.

Siku hiyo alishona gauni la Dafroza. Asubuhi yake alilipeleka kwa miguu, akiwa amevaa raba, na akapita mtaa ule bila kuinamisha kichwa. Kisha akashona suruali ya Mzee Yoramu, na mtaa wa pili ukafunguka. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anafika barabara ya lami na kurudi, dakika arobaini, kifurushi kwapani. Asiposhona mchana, kesho yake alikosa pa kupita. Kwa hiyo alishona.

Tatizo ni kwamba hakuelewa anachokifanya. Je, alikuwa anatembea ili apeleke nguo, au anashona ili apate kutembea? Na kama nguo zikiisha, je, ataamka? Dafroza naye, kwa furaha ya gauni lake, alimletea vitenge viwili vipya. Mama Given alivipokea, maana kazi ni kazi, na vilipochelewa akajikuta anauzunguka tena mtaa ule ule aliokwisha kuukomboa.

Mwezi wa tano alirudi kliniki. Daktari alisoma kipimo mara mbili. "Sita nukta nne. Vidonge tuviache kwanza. Umefanya mazoezi gani, mama?"

"Nilikuwa nawakimbia wateja, daktari. Halafu nikawa nawafuata."

Daktari aliandika kwenye kadi neno moja: Aendelee. Mama Given alitoka nje akilisoma. Alifurahi, hilo halina shaka, ila hakujua aendelee na lipi.

Alirudi kwa miguu. Karibu na kwake alimwona Lukresia, mteja mpya, akianika nguo. Angeweza kukata kona. Miguu yake, sijui kwa nini, ilinyoosha njia.

"Fundi, sketi yangu je?"

"Bado sijaikata," alisema, akashangaa kusikia sauti yake ikisema kweli. "Nitakuletea Alhamisi."

"Alhamisi ya lini?"

Mama Given alisimama, akahesabu siku kwa vidole.

"Ya wiki hii," alijibu. "Nadhani."

Akaendelea kutembea.