Siku ya Idi, Kwenye Uwanja wa Nyasi

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, anayetuamsha na kutulaza, aliyetupa ulimi wa kuonja na moyo wa kukumbuka, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Namshukuru kwa umri alionipa. Namshukuru kwa aliyonifundisha kwa upole, na pia kwa aliyonifundisha kwa aibu. Ninayotaka kukusimulia ni katika hayo ya aibu.

Majuzi, baada ya swala ya alasiri, kijana mmoja alikuwa anakata nyasi nyuma ya madrasa ninayofundisha hapa Durban. Harufu ile mbichi ikaniingia puani, nikasahau nilikuwa namsahihisha nini mwanafunzi wangu. Nikajikuta niko Glenwood tena, mtaa tuliokaa utotoni mwangu, binti wa miaka kumi na mmoja, nimefunga Ramadhani, nimeshika waya wa ua kwa vidole vyote, natazama Waingereza wakicheza tenisi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa kiwandani Mobeni, tukimwona kati ya zamu na zamu. Mama alikuwa anafua na kusafisha katika nyumba moja kubwa ya kizamani waliyopanga wanafunzi wa chuo kikuu, na sisi tulikaa vyumba vya uani pamoja na bibi, mzaa mama, tuliyetoka naye Tanga. Chuo kilipofungwa wanafunzi walikwenda kwao, na mwezi wa Januari vyumba vyao wakapewa wachezaji waliokuja kwa mashindano ya tenisi kwenye klabu ya jirani.

Usidhani ni mashindano ya kwenye televisheni. Yalikuwa madogo, ya wale ambao bado hawajajulikana, wanaofua soksi zao wenyewe na kuzianika dirishani. Viwanja vilikuwa vya nyasi, mistari ikipakwa chokaa upya kila asubuhi, na tumbili wakirukaruka juu ya wavu kabla watu hawajafika.

Nyumbani kwetu waliletwa wasichana wawili wa Kiingereza. Yule mfupi alitolewa mapema, akawa anashinda pwani na kurudi amebabuka mabega. Yule mrefu, mwenye sauti ndogo na miguu mirefu kama ya korongo, aliendelea kushinda. Huyo tukamfanya wetu. Nilifuatilia Waingereza wote, wanaume kwa wanawake, nikiwa pale kwenye ua wa klabu na koo kavu, nikiwaona wakinywa maji ya baridi chupa baada ya chupa. Jioni, tukingoja adhana, nilimweleza bibi nani ametolewa na nani amebaki. Bibi hakujua tenisi, ila alijua mgeni ni nani. "Mtoto wetu kashinda?" aliuliza kila siku, tende ikiwa mkononi.

Siku moja, wakianika shuka pamoja, yule msichana alimwambia mama kwamba baba yake alikuwa amemsafirisha mara hii iwe ya mwisho. Akifika nusu fainali, ataruhusiwa kuendelea mwaka mwingine. Asipofika, raketi zinawekwa stoo na anakwenda kufanya kazi ya ofisini. Mama akamweleza bibi. Tangu hapo bibi akawa anamwombea kila baada ya tarawehe, kwa jina lake, akilitamka kwa Kitanga.

Robo fainali yake ikaangukia siku ya Idi.

Asubuhi ile uani kulinukia karafuu na bizari nyembamba. Yule msichana aliona nguo zetu mpya kutoka dirishani, akateremka kutupa mkono wa Idi, tayari amevaa nyeupe, begi la raketi begani. Alikusudia kusalimia tu, aende zake. Bibi akamshika mkono, akamkalisha mkekani mbele ya sinia.

Wewe uliyelelewa kwetu unajua inavyokuwa. Sinia ni moja, kila mtu anakula upande wake, na mwenye nyumba anachambua nyama nzuri na kuisogeza upande wa mgeni. Mgeni naye anairudisha kidogo, anaapa kwamba ameshiba, analazimishwa, anaapa tena, mpaka wote wawili wanaridhika. Ni kama mchezo, na hakuna anayeumia. Lakini binti yule alilelewa kwamba ukiwekewa chakula mbele yako unakimaliza, na kukiacha ni kumvunjia heshima aliyepika. Bibi akasogeza nyama, yeye akala. Bibi akasogeza nyingine na wali juu yake, akala.

"Maskini, mtoto ana njaa huyu!" bibi akasema kwa furaha. "Huko kwao hawamlishi?"

"Mama, mwache," mama akamwambia. "Ana mechi saa nane."

"Basi atakimbiaje na tumbo tupu? Wewe nyamaza, mletee na kaimati."

Nilicheka. Sote tulicheka. Msichana naye alicheka, jasho likimtoka juu ya mdomo, akala na kaimati zilizolowa shira.

Mchana bibi akavaa buibui lake la sikukuu, akaja nasi klabuni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tulikaa mbele kabisa, pamoja na jirani yetu Mkongo, msusi, aliyekuja kula Idi kwetu. Jua lilikuwa la Januari, hewa nzito. Mgeni wetu alichukua seti ya kwanza, lakini kwa shida, akishika ubavu kila baada ya mpira. Katika seti ya pili akaanza kuchelewa. Kisha akasimama katikati ya uwanja, akaweka raketi chini polepole kama mtu anayelaza mtoto, akakimbilia ukingoni, akatapika kwenye nyasi.

Watu wakaguna. Wengine wakacheka. Msusi akainama mbele, akatazama vizuri. "Eish, mama, ile mchele si ni yenu? Hata karafuu iko pale!"

Bibi akajifunika uso kwa ukaya wa buibui lake.

Mwamuzi na daktari wakamfuata msichana na maji. Wakamuuliza, nasi tulisikia kwa kuwa tulikuwa karibu mno, amekula nini leo. Alituangalia. Kwa hakika alituangalia, bibi, mama na mimi na viatu vyangu vipya. Akawaambia si chakula, ni jua, hajalizoea.

"Kasemaje?" bibi akaninong'oneza.

"Kasema ni jua."

Hakuna kati yetu aliyeinuka kusema vingine. Alirudi kucheza, akashindwa seti zote mbili zilizobaki, akampa mkono mwenzake, akatoka.

Kesho yake asubuhi bibi alinichukua niwe mdomo wake, tukapanda ngazi mpaka chumbani kwa mgeni. Alikuwa anafunga begi, macho yamevimba. Bibi, aliyekuwa akiinamiwa na mtaa mzima kule Tanga, akainama akamshika mikono miwili. "Mwambie tunamwomba radhi. Sisi ndio tuliomharibia."

Nikatafsiri. Msichana akatikisa kichwa. "Mwambie bibi hakuna la kuomba radhi. Lilikuwa jua tu. Na chakula kilikuwa kitamu sana." Akamkumbatia.

Tulipofika chini bibi alikaa kwenye ngazi. "Kakataa kusamehe," akasema, "kwa sababu kakataa kwamba tumekosa. Sasa hili tutalipeleka wapi?"

Kwa miaka aliyobakiza, bibi hakumsogezea tena mgeni nyama. Alikunja mkono kando ya sinia na kumwacha ale atakacho, na wapo waliotoka kwetu wakisema yule bibi wa Tanga ni mchoyo. Alisikia, hakujitetea hata mara moja.

Viwanja vile sasa ni maegesho ya magari. Bibi amelala makaburini, mama amemfuata, na Idi zetu siku hizi kila mtu na sahani yake. Yule msichana sijui aliishia wapi. Huenda ana watoto wakubwa, huenda ametusahau kabisa. Mimi namwombea katika sijda zangu, kwa jina lake, nikilitamka kama bibi alivyolitamka.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Mungu akubariki katika chakula chako na wageni wako. Akusitirie aibu zako mbele za watu, na akujaalie kumwomba radhi uliyemkosea angali anakubali kuitwa mkosewa. Amina.